SOMO LA MWEZI: KUWAFADHILI SUNGURA WAGONJWA WALIOOKOLEWA



Somo letu la mwezi huu huenda likawashangaza baadhi yenu. Twataka kuzungumza juu ya sungura. Wala si sungura wa kitoweo, wala si yule mjanja wa hadithi za bibi zetu. Twataka kuzungumza juu ya sungura waliotupwa au kuteswa katika nchi za Uingereza na Marekani, wakaokolewa, kisha wakapata watu wa kuwalipia gharama za matunzo kila mwezi. Kazi hiyo huitwa ufadhili.

Neno hili ufadhili sisi twalijua sana. Wako watoto wengi katika mitaa yetu waliosoma kwa karo iliyotoka kwa wafadhili wa ng'ambo, wakapokea barua na kupeleka picha. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba mama fulani wa Uingereza anafadhili sungura aliyepooza miguu, hucheka, au hukasirika. Kabla hatujacheka wala kukasirika, yafaa tulijue jambo lenyewe. Katika somo hili tutaangalia sungura huyo ni yupi, ametoka wapi, anaumwa nini, fedha zake hutumikaje, na mwisho tutalikabili lile swali ambalo kila msomaji analo moyoni: Je, ni haki?

1. Sungura tunayemsema ni yupi?

Katika Kiswahili neno sungura hutumika kwa wanyama wawili. Wa kwanza ni yule wa porini mwenye miguu mirefu, alalaye juu ya ardhi kwenye majani, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyo ndiye wa hadithi zetu. Wa pili ni huyu wa kufugwa. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Yeye huchimba mashimo, hukaa kwa jamaa, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba. Sungura wote wa kufugwa ulimwenguni, wakubwa kwa wadogo, weupe kwa weusi, ni wa uzao wake. Ndiye tunayemsema hapa.

Yatupasa tukumbuke mambo matatu ya maumbile yake, kwa kuwa taabu zake nyingi zatokana nayo.

Kwanza, meno yake yote hukua maisha yake yote. Ana meno 28, na yale ya mbele hukua milimita mbili hadi tatu kila juma. Hayana budi kusagika kwa kutafuna majani magumu kutwa nzima.

Pili, tumbo lake haliruhusiwi kusimama. Chakula hupita, na sehemu yake hutoka kama choo laini ambacho yeye mwenyewe hukila tena ili apate nguvu iliyomo. Sungura hawezi kutapika. Tumbo likisimama kwa saa chache tu, maisha yake yamo hatarini.

Tatu, yeye ni mnyama wa kuwindwa. Tai, mbweha na paka humtafuta. Mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu huliwa upesi. Kwa hiyo hujizoeza kuficha maumivu. Sungura anayeumwa sana hunyamaza tu pembeni, na mwenye nyumba asiyejua husema, “Leo ametulia.”

2. Hao wa kuokolewa watoka wapi?

Katika Uingereza sungura ni mnyama wa tatu kwa kupendwa majumbani, baada ya mbwa na paka. Idadi yao ni kama milioni moja. Wengi hununuliwa kwa ajili ya watoto. Mtoto humpenda sungura kwa miezi miwili mitatu, kisha humchoka. Lakini sungura akitunzwa vema huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Basi hubaki peke yake katika kibanda nyuma ya nyumba, akiletewa chakula kwa haraka asubuhi, bila mwenzake, bila nafasi ya kukimbia.

Katika Marekani liko jambo jingine ambalo latuhusu sisi Wakristo. Wahamiaji wa Kijerumani walileta huko desturi ya sungura wa Pasaka aletaye mayai kwa watoto. Desturi hiyo haimo katika ibada ya Pasaka. Ni mchezo wa nyumbani tu. Lakini matokeo yake ni kwamba siku za Pasaka vitoto vya sungura viliuzwa na bado huuzwa mahali pengi kama zawadi. Baada ya miezi michache kitoto kimekuwa dume zima, lakojoa kila mahali na kutafuna nyaya za umeme, na watu hulipeleka bustanini na kuliacha huko, wakidhani litajitafutia. Sungura wa kufugwa hajui kujitafutia. Wengi hufa kwa mbwa, kwa magari na kwa baridi. Ndiyo sababu mwaka 2002 wapenzi wa sungura katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, walianza kampeni ya kuwasihi wazazi wampe mtoto sungura wa chokoleti badala ya sungura hai.

Tena sungura huzaana upesi mno. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, naye aweza kupata mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Mwaka 2006, katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, walikutwa sungura wapatao 1,600 kwenye kiwanja cha mtu mmoja. Chama cha Best Friends, chenye makao makubwa ya wanyama pale Kanab katika jimbo la Utah, kilichukua kazi ya kuwatibu, kuwahasi na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Hebu fikirini kazi ya kuhasi sungura 1,600!

Baadhi ya serikali zimechukua hatua. Mwaka 2019 maduka ya wanyama katika California yalikatazwa kuuza sungura ila wale waliotoka katika makao ya kuokolea. Jimbo la New York nalo lilianza kukataza maduka kuuza sungura, mbwa na paka mwezi wa Desemba mwaka 2024. Viko pia vyama vya kufundisha watu. House Rabbit Society kilianzishwa California mwaka 1988, na chama cha Uingereza kiitwacho leo Rabbit Welfare Association and Fund kilianza mwaka 1996. Lakini sheria na mafundisho huzuia taabu ya kesho. Sungura wa leo, aliyekwisha kuumia, bado ahitaji mtu.

3. Maradhi yao

Sungura mzima aliyeokolewa huhasiwa, huchanjwa, kisha hutafutiwa nyumba. Ni vigumu, lakini yawezekana. Taabu iko kwa wale wasiopona kabisa. Ni nani atakayemchukua mnyama ambaye atampeleka kwa daktari kila baada ya majuma machache mpaka afe? Hata bima za wanyama huko kwa kawaida hazilipii ugonjwa aliokuwa nao mnyama kabla ya bima kuanza. Basi hao hubaki katika makao maisha yao yote, na ndio hasa wanaotafutiwa wafadhili. Tutazame magonjwa makubwa.

(a) Meno. Sungura wengine huzaliwa na taya fupi, kwa sababu watu wamechagua kuzalisha wale wenye sura ya mviringo kama ya mtoto mchanga. Wengine wameharibika kwa kulishwa punje za dukani badala ya majani makavu. Meno ya juu na ya chini hayakutani, hayasagiki, hukua mpaka hutoboa ulimi au shavu. Meno ya mbele yaweza kung'olewa yote sita, na sungura akaishi vizuri kwa kulishwa majani yaliyokatwakatwa. Magego ni kazi zaidi: daktari humlaza kwa dawa ya usingizi na kuyasaga, kisha baada ya majuma kadhaa huyasaga tena. Na dawa ya usingizi kwa sungura si jambo dogo. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika kila sungura 1,000 waliolazwa kwa dawa hiyo, kama 14 walikufa. Kwa mbwa walikuwa kama wawili tu.

(b) Majipu. Mzizi wa jino ukioza, jipu huota ndani ya taya. Usaha wa sungura ni mzito kama samli iliyoganda. Hautoki kwa kupasua tu. Daktari hulazimika kukata na kuondoa jipu lote, na kusafisha kidonda siku nyingi. Wala si kila dawa yafaa. Penisilini na jamaa zake, zikinyweshwa kwa mdomo, huua vijidudu vyema vya tumboni, na sungura hufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

(c) Kichwa kupinda na miguu kupooza. Kiko kijidudu kidogo sana, kiitwacho na madaktari ensefalitozuni, kinachoingia katika ubongo na figo. Huenezwa kwa mkojo. Sungura wengi wanacho bila kuugua. Lakini wengine siku moja huamka kichwa kimepinda upande, hubingirika chini wasiweze kusimama. Wengine hupooza miguu ya nyuma. Hupewa dawa ya minyoo siku 28 mfululizo, pamoja na dawa za kutuliza. Wako wanaopona, wako wanaobaki na kichwa kilichopinda maisha yao yote, nao hujifunza kula, kuruka na kucheza hivyo hivyo, wakiitazama dunia kwa upande. Waliopooza huhitaji kuoshwa kila siku, kukaushwa, na kulazwa juu ya malazi laini yanayofyonza mkojo, la sivyo ngozi huungua na nzi hutaga mayai. Mabuu ya nzi humla sungura akiwa hai, na kwa siku moja tu aweza kufa.

(d) Nyayo. Mbwa na paka wana vifuniko vya nyama chini ya nyayo. Sungura hana, ana manyoya tu. Akikaa miaka juu ya waya au sakafu yenye mkojo, manyoya hutoka, ngozi hupasuka, na kidonda hufika mpaka mfupani.

(e) Tumbo kusimama. Hili laweza kumpata sungura ye yote kwa sababu ya maumivu, hofu au chakula kibaya. Mtunzaji akiona sungura hajala wala hajapata choo kwa muda wa nusu siku, hangoji kesho. Daktari hutoa maji ya mwili, dawa ya maumivu na dawa ya kuliamsha tumbo, na mtunzaji humlisha uji wa majani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, mchana na usiku. Fikirini mtu mmoja mwenye sungura kumi wa namna hiyo!

4. Maradhi ya moyo

Huenda msomaji akasema, “Ugonjwa wa mwili nimeuelewa, lakini sungura ana moyo gani wa kuumia?” Yeye aliyewahi kumfuga mnyama kwa ukaribu ajua jibu. Sungura ni mnyama wa jamaa. Aliyefungiwa peke yake miaka mitano huja katika makao akiwa na dalili ambazo watunzaji wazitambua: huuma waya za kibanda saa nzima, hujinyofoa manyoya, humrukia na kumng'ata kila atiaye mkono, au hujibanza pembeni asitoke hata kwa chakula.

Matibabu yake hayamo katika chupa. Watunzaji huyafanya hivi:

Kwanza, humpa mahali pa kujificha penye milango miwili, ili asijione amenaswa.

Pili, hawamnyanyui bila sababu. Sungura anyanyuliwapo hudhani ameshikwa na tai. Wako watu wanaomlaza chali, naye akanyamaza kimya, wakasema amefurahi. Si kweli, amepigwa na bumbuazi kwa hofu, kama mnyama ajifanyaye mfu mbele ya adui.

Tatu, mtunzaji huketi chini sakafuni, labda akisoma kitabu, asimguse wala asimtazame. Siku ya kwanza hakuna lolote. Siku ya kumi sungura huja kunusa kiatu. Baada ya miezi huenda akalala ubavu karibu na mguu wa mtu. Kwa anayemjua sungura, huo ni ushindi mkubwa.

Nne, humtafutia mwenzake. Hapo pahitajika busara, maana sungura wawili wasiojuana hupigana mpaka kuumizana vibaya. Wote wawili huhasiwa kwanza. Na dume huwekwa mbali majuma sita hivi, kwa kuwa bado aweza kutia mimba. Kisha hukutanishwa mahali pageni kwa wote wawili, kwa muda mfupi mfupi, mbele ya mtu. Wakikubaliana hulambana uso na kulala pamoja. Tangu hapo hawatenganishwi. Hata mmoja akienda kwa daktari, mwenzake huenda naye. Na mmoja akifa, mwingine huachwa akae na maiti kwa muda, apate kunusa na kujua. Wako wanaokataa chakula baada ya msiba. Mtunzaji mwenye akili huwaangalia mno katika siku hizo.

Mwaka 2012 wataalamu walitoa kipimo cha kuyasoma maumivu katika uso wa sungura. Hutazama mambo matano: macho kufumba, mashavu kubonyea, pua kuchongoka, ndevu kukakamaa na masikio kulala nyuma. Tazameni basi: mnyama huyu ambaye watu walimwita bubu, alikuwa akisema siku zote kwa uso wake. Waliokosa kusikia walikuwa watu.

5. Ufadhili hufanywaje?

Yatupasa tutofautishe mambo matatu. Kuasili ni kumchukua sungura nyumbani awe wako. Kulea ni kumkalisha kwako kwa muda, naye bado ni wa makao. Kufadhili ni kulipa fedha kila mwezi, sungura akibaki katika makao chini ya watunzaji wenye ujuzi. Mfadhili si mwenye mali. Hawezi kusema, “Nileteeni sungura wangu.”

Kwa kawaida makao hutoa orodha ya sungura wachache, kila mmoja na picha yake na maelezo yake: huyu amepinda kichwa, huyu husagwa meno, huyu huogopa watu. Mfadhili huchagua mmoja. Hupelekewa hati na picha, na mara kwa mara habari za maendeleo. Wengi wa wafadhili ni watu wa kipato cha kawaida: wazee wanaokaa katika vyumba visivyoruhusu wanyama, watoto wa shule waliochanga pamoja, au watu ambao sungura wao wamekufa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme sungura mmoja agharimu pauni 60 kwa mwezi kwa dawa, daktari, majani makavu na malazi. Wafadhili 12 wa pauni tano tano watamtosha. Wanne wakiacha, zimepungua pauni 20, lakini meno hayaachi kukua. Hapo twaona faida ya fedha ndogo inayokuja kila mwezi kuliko zawadi kubwa ijayo mara moja. Makao hupanga kazi kwa fedha ya hakika.

Mfadhili mwenye busara huuliza maswali. Je, makao yameandikishwa kisheria? Katika Uingereza na Wales vyama vikubwa vya hisani huandikishwa kwa Tume ya Hisani, na hesabu zao zaweza kusomwa na mtu ye yote. Je, fedha ni za sungura huyu peke yake, au ni za wote? Makao mengi husema wazi kwamba sungura wa picha husimama kwa niaba ya wenzake, na fedha hutumika panapohitajika. Hilo si kosa, mradi limesemwa. Kosa ni kutumia picha ya mgonjwa kukusanya fedha mwaka mzima baada ya yeye kufa.

6. Huruma na hesabu: habari za Padre Arthur Broome

Hapa yafaa tukumbuke habari moja ya Kanisa letu. Mwaka 1824, katika mkahawa mmoja wa London, Padre Arthur Broome wa Kanisa la Uingereza aliwakusanya watu kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwao alikuwapo William Wilberforce, yule aliyepigana na biashara ya utumwa, na Richard Martin, mbunge aliyepitisha sheria ya kulinda ng'ombe na farasi mwaka 1822. Padre Broome aliacha kazi ya parokia, akatumia fedha zake mwenyewe kwa kazi hiyo.

Lakini madeni ya chama yalizidi mapato, na mwaka 1826 Padre Broome alitiwa gerezani kwa ajili ya madeni hayo. Wenzake walikusanya fedha akatoka, na chama hakikufa. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikipa ruhusa ya kujiita cha kifalme, nacho kipo mpaka leo kwa jina la RSPCA.

Twajifunza nini? Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini huruma pia yahitaji daftari la hesabu. Makao yanayopokea kila sungura anayeletwa, bila kujua atalishwa na nani, mwishowe hujaa, na wanyama huanza kuteseka mikononi mwa wale wale waliotaka kuwaokoa. Kusema “leo hatuna nafasi” ni neno chungu, lakini mara nyingine ndilo la haki.

Neno jingine chungu ni juu ya mwisho. Uko wakati ambapo dawa haisaidii tena: sungura hali, hajisafishi, hatoki kumlaki mwenzake, na uso wake wasema maumivu kila siku. Hapo daktari mwaminifu hushauri apewe dawa ya kufa kwa amani. Mfadhili aliyempenda huenda akaandika, “Jaribuni mara moja tena, nitalipa mimi.” Ni vigumu kumjibu mtu huyo. Lakini fedha ya mfadhili ilitolewa kwa faida ya sungura. Haikununua haki ya kumrefushia taabu ili moyo wa mtu upoe.

7. Lile swali: Je, ni haki?

Sasa tumefika. Huyu analipa daktari wa sungura, na huku mtoto wa mjane hana karo. Je, si aibu?

Hatutaki kulipunguza swali hili. Mtoto ni mtoto, na hakuna sungura awezaye kulinganishwa naye. Mtu ambaye humlipia sungura huku akimnyima mzazi wake dawa amekosea njia, na hatuna neno la kumtetea. Lakini yatupasa tupime kwa mizani iliyo sawa. Pauni tano za sungura hazikutoka katika sanduku la karo. Mara nyingi zilitoka pale pale zitokapo fedha za sigara, sinema na maua. Hatumwulizi mwenye redio mpya kwa nini hakumlipia mtoto wa mjane. Kwa nini basi tumwulize yeye tu aliyehurumia?

Tena tuangalie asili ya deni lenyewe. Sungura huyu hakujipeleka dukani. Binadamu alimtoa katika jamaa yake, akamzalisha mpaka taya likawa fupi, akamwuza kwa mchezo wa Pasaka, akamfungia, akamtupa. Kumtibu ni kulipa deni lililofanywa na watu wa huko huko. Na yafaa tutambue kwamba walilipao si wale waliolifanya.

Wala huruma si gunia la mahindi, kwamba ukimpa huyu debe moja basi yule amepungukiwa. Mtoto aliyezoezwa kungoja siku kumi mpaka sungura mwoga anuse kiatu chake amejifunza subira ambayo mzee, mgonjwa na mgeni wataifaidi.

8. Nasi je?

Sisi huku twafuga sungura kwa kitoweo na kwa mauzo, na hatuoni aibu. Somo hili halikuja kutukataza. Lakini yote tuliyosema juu ya maumbile ya sungura ni kweli hata katika kibanda chako, ndugu msomaji. Kwa hiyo twashauri:

Kwanza, majani na nyasi kavu ziwe chakula kikuu, nazo zisikosekane mchana wala usiku. Makombo ya ugali na mkate si chakula chake.

Pili, sakafu ya waya iwekewe ubao au nyasi mahali pa kulala. Kibanda kikae kivulini, maana sungura hufa kwa joto upesi kuliko kwa baridi.

Tatu, majike waliokua pamoja wakae pamoja. Madume wazima watengwe, la sivyo watajeruhiana.

Nne, asiyekula tangu asubuhi ni mgonjwa. Mwite bwana mifugo siku ile ile, na kabla hajatoa dawa ya kunywesha, mkumbushe kwamba ni sungura.

Tano, watoto wafundishwe kutomnyanyua kwa masikio. Masikio si mpini. Ashikwe chini ya kifua na chini ya makalio, na kukumbatiwa.

Anayechinjwa baada ya miezi mitano naye aweza kuishi miezi hiyo bila kidonda wala hofu. Hilo laweza kufanywa na kila nyumba, bila mfadhili wa ng'ambo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja mambo matatu ya maumbile ya sungura yanayomfanya awe mgumu kutibiwa.

2. Kwa nini fedha kidogo ya kila mwezi yaweza kufaa kuliko zawadi kubwa ya mara moja? Je, hali ni hiyo hiyo katika mifuko yetu ya kusaidiana hapa?

3. Padre Broome alifungwa kwa madeni ya chama chake. Katika miradi yetu, nani hutazama hesabu, na wanachama huzisoma mara ngapi kwa mwaka?

4. Makao yamebakiwa na nafasi moja. Wameletwa sungura wawili: mmoja mzima atakayepata nyumba upesi, na mmoja aliyepooza ambaye atakaa miaka. Ungempokea yupi, na kwa nini?

5. Ni nani aliye na haki ya kuamua kwamba matibabu yametosha: daktari, mtunzaji, au yeye anayelipa?

6. Mzee mmoja katika kikundi asema, “Huruma kwa mnyama ni anasa ya matajiri.” Kijana amjibu, “Punda wetu je?” Endelezeni mazungumzo yao.